Mfupa Unawaka, Kijidudu Hakuna

Mimi nina miaka 30, nasomea uhandisi wa umeme ngazi ya uzamili, na kazi yangu ya kila siku ni kusafisha picha zinazotoka kwenye mashine za MRI ili wanaozisoma waone vizuri. Si daktari, na nalisema mapema ili nisipigiwe simu usiku wa manane kuulizwa dozi. Lakini kupitia picha hizo nimeujua ugonjwa mmoja wa mifupa ya watoto ambao naona kila mwenye mdogo wake, mpwa wake au mtoto wake nyumbani anapaswa kuusikia walau mara moja.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi huitwa CRMO, na siku hizi madaktari wengi huuita CNO. Kwa lugha yetu tuseme ni mwako sugu wa mifupa usioletwa na vijidudu. Neno mwako nalitumia kwa ule uvimbe wenye joto na maumivu ambao kinga ya mwili huuwasha inapopigana. Kwa kawaida mwako una sababu: bakteria ameingia, kinga imemwona, vita vimeanza. Katika CRMO kinga huanzisha vita ndani ya mfupa na adui hayupo. Ni kama king'ora cha nyumba kinacholia usiku kucha ilhali milango imefungwa na mwizi hakuna. Waite askari mara kumi, watakuja mara kumi, watazunguka nyumba na kuondoka. Kitaendelea kulia kwa sababu kibovu ni king'ora chenyewe.

Huwapata zaidi watoto wa miaka 7 hadi 12 hivi, na wasichana kama mara mbili ya wavulana. Maumivu huja taratibu, mara nyingi yakizidi usiku. Mahali pake pa kupenda ni karibu na ncha za mifupa mirefu, pale mfupa wa mtoto unaporefukia: muundi, fupa la paja, karibu na kifundo cha mguu. Hupenda pia mtulinga, nyonga, taya na pingili za uti wa mgongo. Mtulinga ni alama ya kuikumbuka, maana bakteria hawaushambulii mara kwa mara lakini CRMO huupenda. Mtoto anaweza kuanza na mfupa mmoja, akapata nafuu, kisha baada ya miezi ukaanza mwingine. Baadhi yao huwa na vipele vya usaha viganjani na nyayoni, au soriasisi, au ugonjwa sugu wa utumbo.

Historia yake si ya zamani sana. Mwaka 1972 daktari wa picha za watoto huko Zurich, Andres Giedion, pamoja na wenzake walieleza watoto 4 waliokuwa na mifupa iliyoonekana kama imeoza kwa bakteria, tena sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, na bakteria wasionekane. Kuhusu uchache wake, hesabu iliyochapishwa Ujerumani mwaka 2011 ilikadiria wagonjwa wapya kama 4 kwa kila watoto milioni moja kwa mwaka. Ni wachache kweli. Lakini uchache huo ndio unaowaponza, kwani daktari hawezi kukumbuka haraka kitu ambacho pengine hajawahi kukiona.

Na hapa ndipo penye kazi: hakuna kipimo kimoja cha CRMO. Hakuna damu utakayotolewa leo ukapewa karatasi kesho imeandikwa "ndiyo" au "hapana". ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha kama mwako upo mwilini, huweza kupanda kidogo tu au kuwa vya kawaida kabisa. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Ugonjwa hufikiwa kwa kuondoa mengine, moja baada ya jingine, mpaka abaki huyu. Sisi mafundi tunaijua kazi hiyo. Mtambo ukizima huanzi kwa kulaumu kifaa kinachoharibika mara moja kwa miaka kumi. Unaanza na fyuzi, unaenda kwenye waya, na kila hatua unaandika ulichokiona.

Sasa tuangalie orodha ya washukiwa, maana kwa mtoto wa kwetu ni ndefu kuliko ya mtoto wa Zurich. Wa kwanza ni bakteria. Maambukizi ya mfupa bado ni mzigo mkubwa katika hospitali zetu za mifupa, na bila dawa au upasuaji wa haraka hula mfupa na yanaweza kuua. Wa pili ni kifua kikuu, ambacho kikitoka kwenye mapafu hupenda uti wa mgongo. Wa tatu ni selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wa selimundu kila mwaka. Mtoto huyo huumwa mifupa kwa sababu damu imeziba njia, na hapo hapo yuko katika hatari kubwa ya maambukizi ya mfupa, hasa ya bakteria wa salmonela. Wa nne ni saratani: saratani ya damu na ile ya mfupa iitwayo Ewing, ambazo zote mbili huweza kuanza kama maumivu ya mfupa na homa za hapa na pale. Huwezi kuruka hata mmoja wa hao ukaenda moja kwa moja kwenye CRMO.

Kwa hiyo daktari wa kwetu anayeanza na antibayotiki mbele ya mfupa uliovimba hajakosea. Anacheza na uwezekano mkubwa, na katika hali nyingi anaokoa mguu wa mtoto. Shida huanza baadaye, pale dozi ya kwanza inapofuatwa na ya pili, ya pili na ya tatu, na hakuna anayerudi nyuma kuuliza swali la mwanzo.

Nitoe mfano. Hapa Doha kuna familia moja ya kwetu. Majina yao na mji wanaotoka nayaacha. Baba alipata kazi huku na baadaye akawaleta mke na watoto. Binti yao, mwanafunzi wa shule ya msingi, alikuja na bahasha ya eksirei na miaka miwili ya maumivu. Nyumbani alikuwa amepewa antibayotiki mara nne, mara mbili kwa sindano za mshipani, na alipasuliwa muundi mara moja ukakwanguliwa. Maabara hawakuotesha kijidudu chochote. Kila baada ya dozi alipata nafuu, kisha maumivu yakarudi, mara ya mwisho kwenye mtulinga.

Baba mtu aliniomba niende nao kliniki kwa sababu alisikia nashughulika na picha za hospitali. Daktari alipomwambia kwamba huenda hakuna maambukizi kabisa, alinyamaza. Tukiwa kwenye gari ndipo akasema: "Injinia, mimi nimeleta mtoto anaumwa, wao wananiambia hakuna kijidudu. Sasa anaumwa na nini? Na ule mguu walioupasua, walipasua nini?"

Nadhani maswali hayo mawili ndiyo yanayoufanya ugonjwa huu kuwa mgumu kuukubali. Tumezoea kwamba ugonjwa ni kitu kilichoingia na dawa ni kitu cha kukitoa. Mke wake aliuliza swali jingine, na lilikuwa zuri: "Shemeji, kama hazikuwa dawa zake, mbona kila akizimeza alikuwa anapona?" Jibu alilolitoa daktari siku nyingine ndilo ufunguo wa habari yote. CRMO huja na kuondoka yenyewe. Huwaka wiki kadhaa au miezi, kisha hupoa. Mtoto hupelekwa hospitali maumivu yanapokuwa kileleni, anapewa dawa, na ugonjwa unapopoa kwa ratiba yake wenyewe sifa huchukuliwa na dawa. Jogoo huwika, jua huchomoza, na mtu akasema jogoo ndiye kaleta asubuhi.

Basi daktari hufuata njia gani? Nilivyoelewa mimi, kuna hatua nne.

Kwanza ni historia ya mtoto: maumivu yalianza lini, mifupa mingapi, homa ilikuwepo au la, amepungua uzito, ana vipele, tumbo linasumbua, nani mwingine katika ukoo ana matatizo kama hayo. Daktari hupapasa mifupa yote, hata ile ambayo mtoto hajailalamikia.

Pili ni damu: hesabu ya chembe zote, ESR, CRP, kipimo cha selimundu, cha kifua kikuu, na kuangalia dalili za saratani ya damu. Mtoto mwenye homa kali, aliyedhoofu, au mwenye chembe za damu zilizoharibika hesabu haingii moja kwa moja kwenye njia ya CRMO. Huyo anatafutiwa maambukizi au saratani kwanza.

Tatu ni picha, na hapa niko nyumbani kwangu, mnivumilie kidogo. Eksirei huonyesha mfupa uliokwisha kuliwa au kunenepa, yaani huonyesha majeraha yaliyokaa. MRI huonyesha maji, na mahali panapowaka pana maji mengi kuliko kawaida. Tatizo ni kwamba uboho una mafuta mengi, na katika picha za kawaida mafuta nayo hung'aa, hivyo maji hujificha ndani yake. Dawa yake ni picha ya aina ya STIR. Mashine hupindua chembe zote za hidrojeni kichwa chini, kisha huziacha zirudi. Za kwenye mafuta hurudi haraka, za kwenye maji hurudi polepole. Iko nukta moja ambapo za mafuta zinavuka sifuri, hazina sauti yoyote. Kwenye mashine ya tesla 1.5 nukta hiyo hufika baada ya kama sehemu moja ya sita ya sekunde. Ukisikiliza hapo hapo, mafuta yako kimya na maji yanaimba peke yake. Sehemu inayowaka hutokea nyeupe kwenye mfupa mweusi, kama taa za mji ukiziangalia kutoka kwenye ndege usiku.

Uzuri ni kwamba mtoto anaweza kupigwa picha hiyo kuanzia kichwani hadi miguuni kwa muda wa saa moja hivi, bila mionzi ya eksirei na mara nyingi bila kuchomwa sindano ya dawa ya picha. Picha ya mwili mzima hukuta mara nyingi sehemu ambazo haziumi kabisa. Kwa binti niliyemtaja zilionekana sehemu tano. Mojawapo ilikuwa pingili ya mgongo ambayo hakuwahi kuisema hata siku moja. Pingili hiyo ndiyo iliyowashtua madaktari kuliko muundi, kwa sababu pingili inayowaka kimya kimya inaweza kubonyea na mgongo ukapinda. Hata hivyo picha nayo inahitaji jicho lililozoea watoto. Mtoto mzima wa afya anaweza kuwa na madoa meupe miguuni kwa sababu tu anakua.

Nne ni kuamua kama kipande cha mfupa kichukuliwe. Mwaka 2016 madaktari wa Bristol, Uingereza, walichapisha vigezo ambavyo mhandisi yeyote atavipenda, maana vimekaa kama mchoro wa saketi. Lazima kuwe na maumivu ya mfupa yasiyo na dalili kubwa za maambukizi, na lazima picha zionyeshe mabadiliko yanayofanana na ugonjwa huu. Baada ya hapo kuna milango miwili. Kama mifupa iliyoathirika ni zaidi ya mmoja, au ni mtulinga peke yake, na CRP iko chini ya miligramu 30 kwa lita, mtoto anaweza kukubaliwa bila kukatwa. Kama ni mfupa mmoja usio mtulinga, au CRP imepita 30, basi kipande kichukuliwe kipimwe, na kisiote bakteria wakati mtoto hatumii antibayotiki.

Maneno hayo ya mwisho yasomeni mara mbili. Mtoto akiwa katikati ya dozi, bakteria aliyekuwepo anaweza kushindwa kuota maabara. Jibu la "hakuna kilichoota" halina maana ileile kwa mtoto aliyekwisha meza dawa na kwa mtoto ambaye bado. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari wa Doha, baada ya kufungua ile bahasha, halikuwa "walikuta nini?" Aliuliza: "Sampuli ilichukuliwa kabla ya dawa au baada?" Wazazi hawakujua, na karatasi haikusema. Ikabidi kipande kingine kichukuliwe. Safari hii hakikuota kitu, hakikuwa na saratani, kilikuwa na mwako tu. Ndipo baba akapata jibu la swali lake.

Ghuba hii nayo ina ukurasa wake katika habari hii. Mwaka 1989 Dkt. Hasan Majeed na wenzake huko Kuwait walieleza watoto 3 wa ukoo mmoja wenye mwako wa mifupa pamoja na upungufu wa damu wa kuzaliwa nao, na wawili kati yao wakiwa na ugonjwa wa ngozi. Leo unaitwa sindromu ya Majeed. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba husababishwa na hitilafu ya jeni iitwayo LPIN2. Mtoto huugua akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, wazazi wenyewe wakiwa wazima. Wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa 1 kati ya 4 katika kila mimba, na ndoa za binamu huongeza nafasi ya wabebaji kukutana. Hapa Qatar utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya nusu ya ndoa ni za ndugu wa damu, na sisi wa pwani ndoa za binamu tunazijua. Watoto wengi wenye CRMO hawana sindromu hii. Ila ugonjwa ukianza kabla ya miaka miwili, tena na upungufu wa damu, kupima jeni ni jambo la maana, kwa sababu aina hii imeonekana kuitikia vizuri dawa zinazozuia kemikali ya kinga iitwayo intalukini-1.

Kwa CRMO ya kawaida, matibabu huanza na dawa za kutuliza mwako kama naproksini, nazo huwatosha watoto wengi. Zisipotosha, au mgongo ukiwa umeguswa, kuna pamidroneti, dawa ya dripu inayopunguza kasi ya seli zinazokula mfupa, au methotrekseti, au dawa za kuzuia TNF. Binti yetu alihitaji dripu kwa sababu ya ile pingili. Siku hizi anakwenda shule, anacheza, na hupigwa picha kila baada ya muda kuangalia mgongo wake. Hajaambiwa kwamba amepona moja kwa moja, maana ugonjwa huu unaweza kurudi.

Mtu atasema, sawa Injinia, hayo ni ya Doha. Hapa kuna Sidra Medicine, hospitali ya akina mama na watoto iliyofungua jengo lake kuu Januari 2018. Kwetu MRI iko mjini, ni ghali, na foleni yake si ya kawaida. Ni kweli. Lakini angalieni tena zile hatua nne. Historia haihitaji umeme. Kupapasa mtulinga hakuna bei. Kuandika kwenye cheti kwamba sampuli ilichukuliwa kabla au baada ya dawa ni wino tu. Na wataalamu wameanza kupatikana. Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dkt. Angela Migowa ni miongoni mwa madaktari wa mwanzo Kenya kubobea katika magonjwa haya ya watoto, na mwaka 2019 kilianzishwa PAFLAR, chama cha madaktari wa fani hiyo barani Afrika. Picha ya eksirei ikitumwa vizuri kwa simu, kutoka kwa daktari kwenda kwa daktari mwenzake, inaweza kufika mbali kuliko mgonjwa.

Sisi tulio nje ndio tunaopigiwa simu na kuombwa pesa ya dozi nyingine. Basi ukipigiwa kuhusu mtoto anayeumwa mfupa kwa mara ya pili au ya tatu, tuma hizo pesa, lakini uliza pia. Sampuli iliwahi kuoteshwa, na ilikuwa kabla ya dawa? Amepimwa selimundu na kifua kikuu? Ni mfupa uleule au umehama? Nani ameuangalia mgongo? Waombe majibu hayo wayaandike na wayapeleke kwa daktari wao.

Jambo moja tu msilifanye, jamani. Msimwachishe mtoto dawa kwa sababu mmesoma makala ya fundi umeme. Mtoto mwenye homa kali asiyeweza kukanyaga mguu ni dharura, na mpaka ithibitike vinginevyo huyo ana bakteria. Akimbizwe hospitali usiku huohuo. Maswali yangu ni ya yule ambaye dharura ilipita, dozi zikaisha, na mfupa ukarudi kuuma.